Si kila nyumba ni ya D1
Tangu njia kuu ya umeme ya Makambako–Songea ituunganishe sisi wa Songea na gridi ya taifa mwaka 2018, tumesahau jenereta za dizeli, ila kilio cha LUKU, umeme wa kulipia kabla, hakijaisha: Bombambili hadi Lizaboni, kila mtu anaitaka D1, bei ya nyumba zenye matumizi madogo. Tupige hesabu. Kwa bei za EWURA za 2016, kabla ya kodi na tozo, D1 ni shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, kisha 350. T1, bei ya matumizi ya kawaida, ni 292 tangu uniti ya kwanza. Ukivuka kama uniti 323, hiyo D1 unayoililia ingekukamua zaidi. Mwenye jiko la umeme na hita asimwonee wivu mwenye taa mbili na redio. Soma mita kwanza, ndipo ulalamike.