Boti kuukuu ya dizeli: hesabu siku za kazi kabla ya bei

KATIKA soko la vyombo vya baharini vilivyotumika, bei ndiyo inayozungumzwa kwanza, na kwa wanunuzi wengi ndiyo inayozungumzwa peke yake. Mwenye boti ya safari ya futi arobaini, yenye vyumba vya kulala, jiko dogo na injini ya dizeli iliyofungwa ndani, akitaja bei iliyo nusu ya ile ya boti mpya, mfanyabiashara mwenye akiba yake benki huanza kuwaona watalii wakipanda Dar es Salaam na kushuka Unguja, na fedha zikiingia kila wiki.

Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba bei ni swali la tatu. La kwanza ni boti hiyo itafanya kazi siku ngapi kwa mwaka. La pili ni kitu gani kinaweza kuzipunguza siku hizo. Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili hana sababu ya kuanza kupatana bei.

Wanaovutiwa na dizeli wana hoja. Injini ya dizeli hutoa kazi kubwa zaidi kwa kila lita kuliko ya petroli, na ikitunzwa hudumu saa nyingi zaidi. Aidha, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukivuja hutuama ngamani, na cheche moja inatosha kuiteketeza boti pamoja na waliomo. Dizeli haishiki moto kirahisi namna hiyo. Kwa chombo ambacho wageni watalala ndani yake na kupikiwa chakula, hiyo si faida ndogo.

Hata hivyo, injini nzuri haitoshi kuwa biashara nzuri. Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane.

Tuseme boti inauzwa Sh. milioni 60 na inahitaji matengenezo ya Sh. milioni 20 kabla ya kubeba mgeni wa kwanza. Mtaji ni Sh. milioni 80. Itafanya kazi miaka minane, kisha itauzwa kwa moja ya tano ya mtaji huo, yaani Sh. milioni 16. Uchakavu wake ni Sh. milioni 8 kwa mwaka. Fedha hizo zingewekwa mahali pengine, tuseme kwenye hati fungani za Serikali kwa asilimia 10, zingeleta Sh. milioni 8. Hiyo nayo ni gharama, ijapokuwa hakuna atakayekuletea ankara yake. Matunzo ya mwaka, yaani oili, filta, rangi ya chini ya maji na vipuri, tuyaweke Sh. milioni 8. Nahodha na baharia wake, kwa Sh. 900,000 kwa mwezi wote wawili, ni Sh. milioni 10.8. Bima, leseni, ukaguzi na maegesho ni Sh. milioni 5.2. Jumla ni Sh. milioni 40 kwa mwaka, boti ikitembea au ikilala kwenye nanga.

Kwa kila siku ya kazi mwenye boti anatoza Sh. 900,000. Akitoa dizeli, chakula cha wageni na kamisheni ya wakala, jumla Sh. 400,000, anabaki na Sh. 500,000. Ili arudishe zile milioni 40 anahitaji siku 80. Siku ya 81 ndiyo ya kwanza ya faida. Akipata siku 60 tu, amepoteza Sh. milioni 10.

Sasa tuseme ni hodari wa kupatana na ameishusha bei kutoka milioni 60 hadi milioni 40. Amepunguza theluthi nzima, na jamaa watampongeza. Mtaji unakuwa milioni 60, uchakavu milioni 6, na faida aliyoikosa kwingine milioni 6. Lakini gharama nyingine tukiziacha kama zilivyo, jumla inabaki milioni 36, na siku anazohitaji ni 72. Punguzo la milioni 20 limemwokolea siku nane tu kwa mwaka. Sababu ni kwamba injini haijui ilinunuliwa kwa bei gani: inakunywa oili ile ile, na nahodha anadai mshahara ule ule. Pampu ya maji ikiharibika mwezi Januari na kipuri kikakaa njiani wiki mbili, siku hizo nane zimekwisha, na nyingine zimefuata.

Siku zenyewe si nyingi kama zinavyoonekana kwenye kalenda. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni hupungua. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi na biashara ni nzuri. Tatizo ni katikati ya mwaka. Julai na Agosti watalii ni wengi, lakini ndio wakati kusi linapovuma kwa nguvu, na boti isiyohimili mawimbi itaegeshwa huku wateja wakiondoka na wengine. Mnunuzi na aandike siku ambazo mawakala wako tayari kumthibitishia. Zile anazozitamani asizihesabu.

Jambo jingine linalopotosha ni ukubwa wa injini. Muuzaji husifu nguvu za farasi kana kwamba kila farasi ataleta mteja. Boti nzito za aina hii hulima maji, hazirukii juu yake, na mwendo wake hutawaliwa na urefu wa sehemu inayogusa maji. Kanuni inayotumika ni kuchukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi na kukizidisha kwa 1.34. Kwa futi 36, kipeuo ni 6, na mwendo ni kama maili 8 za baharini kwa saa. Kuisukuma zaidi ya hapo ni kuchoma fedha.

Hata kabla ya kufika hapo gharama hupanda haraka. Kutoka maili 7 hadi maili 8 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa asilimia 14, lakini nguvu inayohitajika hupanda kwa nusu hivi, pengine zaidi. Dar es Salaam hadi Unguja ni kama maili 40 za baharini. Boti inayotumia lita 9 kwa saa kwenye mwendo wa maili 7 itafika kwa lita 51 hivi. Ikienda maili 8 kwa lita 13.5 kwa saa, itatumia zaidi ya lita 67. Zimeokolewa dakika 43 kwa lita 16. Kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo ya mafuta upya kila mwezi, mwenye boti hana uwezo juu ya bei ya lita. Uwezo wake uko juu ya idadi ya lita.

Je, umri wa chombo nao? Hapa kuna mifano miwili ambayo kila mwekezaji wa majini angepaswa kuikumbuka.

Wa kwanza ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kuanza kazi tena mwaka 1927. Ilikuwa ya mvuke hadi ilipofungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Chombo kilichokuwa na zaidi ya nusu karne kilipewa injini mpya na kikaendelea kubeba watu na mizigo. Liliponusurika bodi, injini ilikuwa ni suala la fedha na mafundi.

Wa pili ni MV Skagit. Iliundwa mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa na nchi kavu ya Puget Sound, katika jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 2011 jimbo hilo liliiuza pamoja na pacha wake Kalama kwa dola 400,000 kwa zote mbili. Tarehe 18 Julai, 2012, kusi likiwa limepamba moto, ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na watu wengi walipoteza maisha. Kwa umri ilikuwa kijana mbele ya Liemba. Lakini maji iliyoundiwa hayakuwa maji iliyopelekwa.

Funzo la mifano hiyo ni kwamba mwaka wa kuundwa ni habari moja tu kati ya nyingi. Uliza chombo kiliundiwa maji gani, na bodi lake likoje leo.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie kwenye bodi, si kwenye injini. Boti ipandishwe pwani wakati wa maji ya bamvua, ikaushwe, na itazamwe chini yote mchana kweupe. Ya mbao ichomwe kwa ncha ya kisu kwenye mkuku na mataruma, na kalafati ikaguliwe mstari kwa mstari. Ya faiba igongwe kwa nyundo ndogo: mlio wa kufa ni dalili ya utengano ndani, na malengelenge chini ya maji ni dalili kwamba maji yamepenya. Muuzaji asiyekubali boti ipandishwe anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Weka mkono juu yake kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, imekwisha kupashwa ili isikuoneshe ugumu wa kuwaka, nawe urudi siku nyingine. Moshi mweusi usiokwisha maana yake injini imeelemewa au haipati hewa ya kutosha. Wa buluu maana yake inachoma oili. Mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia kwenye silinda. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, imechanganyika na maji. Uliza pia kama inapozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja au kwa maji baridi yanayozunguka ndani. Ile ya kwanza huliwa na chumvi mapema zaidi.

Kisha ipelekwe kwenye mawimbi kwa saa mbili au tatu, si kuzunguka bandarini. Matangi ya zamani hukusanya uchafu na maji chini. Bahari ikichafuka, uchafu huo hupanda, huziba filta, na injini huzimika wakati inapohitajika kuliko wakati wowote. Ni heri izimike wewe ukiwa bado mnunuzi.

Fundi wa kuikagua awe wako, alipwe na wewe, na aulizwe swali moja la kibiashara: vipuri vya injini hii vinapatikana mjini kwa siku ngapi? Injini ya kawaida ambayo mafundi wa bandarini wameshaifungua mara nyingi ni mali kuliko injini bora zaidi ambayo ringi zake lazima ziagizwe Ulaya. Gharama ya ovahoo ikijulikana, ndiyo ikatwe kwenye bei.

Nyaraka zisisahauliwe. Bara, mwangalizi ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Visiwani ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Hakikisha kuna cheti cha usajili, kwamba ushuru ulilipwa, kwamba boti haina deni la benki, na idadi ya abiria iliyoruhusiwa ni ngapi. Hesabu ya mapato ijengwe juu ya idadi hiyo, wala isijengwe juu ya viti vilivyomo. Faida inayotegemea kuzidisha abiria ni deni ambalo bahari italidai.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri wa mwandishi ni kuanza kwa kukodi boti ya mtu mwingine kwa msimu mmoja. Faida kwa siku itakuwa ndogo, lakini mwisho wa msimu atakuwa na idadi ya kweli ya siku za kazi, aliyoipata bila kuufunga mtaji wake majini. Akinunua baada ya hapo, ananunua anachokijua.

Nionavyo, boti kuukuu ya dizeli inafaa kununuliwa pale mambo matatu yanapokutana: bodi zima lililoundiwa maji kama yetu, injini ambayo vipuri na fundi wake wako karibu, na siku za uhakika zinazozidi zile za kurudisha gharama kwa ziada ya kutosha kufidia injini kulala wiki mbili.

Likikosekana moja, bei ya kutupa haisaidii. Turudi kwenye mfano wetu na tuseme boti imetolewa bure kabisa. Bado kuna matengenezo ya Sh. milioni 20, matunzo, mishahara na leseni. Jumla ni Sh. milioni 28 kwa mwaka, na mwenye boti aliyopewa bila senti anahitaji siku 56 za kazi kabla ya kuona shilingi yake ya kwanza.