Mji Mmeshapewa, Leteni Jibu

Jumamosi mbili zilizopita tulikutana watu sita katika hoteli moja ya chai kando ya Barabara ya Uganda, hapa Eldoret. Ajenda ilikuwa moja: tamasha letu dogo la uandishi lifanye nini mwaka huu? Tumechoka kusomeana mashairi wenyewe kwa wenyewe. Ndipo kijana mmoja, mwerevu kutushinda sote, akachora kisanduku nyuma ya risiti.

"Sanduku la chuma," akasema. "Limefungwa. Juu yake namba 64 tu, hakuna kingine. Tunaliacha mjini usiku, watu wakiamka wanalikuta. Hatusemi kitu. Baada ya siku mbili tunatupa vijikaratasi. Halafu ujumbe kwenye simu, namba haijulikani. Mji mzima utakuwa unakisia. Hiyo ndiyo fasihi sasa, buda, si vitabu."

Wenzangu wakapiga meza kwa furaha. Mimi nikakataa, nikaitwa mzee. Siku hiyo sikujieleza vizuri, kwa hivyo najieleza hapa, maana najua sanduku kama hilo linawakuna wengi.

Wazo lenyewe halikutoka hewani. Mji huu ulianza kwa kuitwa 64, namba ya shamba ambalo posta ilijengwa juu yake mwaka 1910, na wenyeji wakaigeuza namba ikawa Sisibo. Jina Eldoret lilikuja 1912. Mwaka huohuo, kama inavyosimuliwa, meneja wa Benki ya Standard ya Afrika Kusini alifika na sefu la chuma. Lilipoteremshwa likaanguka, likawa zito kupita nguvu za watu, basi ukuta wa udongo ukajengwa kulizunguka na hapo ndipo ikawa benki. Ukweli wake siubishii. Ninachosema ni kwamba kijana wetu ana haki ya kuona sanduku la chuma akaona Eldoret.

Anachotaka kutengeneza kinaitwa mchezo wa uhalisia mbadala. Hadithi haikai kitabuni. Inamwagwa vipande vipande kwenye simu, tovuti, mabango na vitu vya kushikika, na wachezaji ndio wanaounganisha. Mwaka 2001 Microsoft ilitengeneza mchezo wa namna hiyo kuitangaza filamu ya Steven Spielberg, A.I. Mlango wake mmoja ulikuwa jina kati ya majina ya waliotengeneza filamu: Jeanine Salla, mtabibu wa mashine zenye hisia. Ukilitafuta jina hilo kwenye intaneti, unaangukia ulimwengu mzima. Na sheria kuu ya mchezo ilikuwa hii: usikiri kamwe kwamba ni mchezo.

Mwenzetu anaipenda sheria hiyo kama sala. Mimi naipinga hiyohiyo, wala si mchezo.

Siwezi kuupinga ukisiaji. Nimelelewa nao. Sote tuliopita shule za msingi nchini hii tunajua: mmoja anasema "Kitendawili!" na wengine wanaitikia "Tega!" Wakishindwa, anawaambia "Nipeni mji." Wanampa Mombasa au Kisumu, anajigamba jinsi alivyofika huko akakaribishwa, kisha analeta jibu. Tulidhani ni mchezo wa watoto, kumbe ni mkataba. Una mlango wa kuingilia: hutegewi mpaka umeitikia. Na una mlango wa kutokea: ukishatoa mji, mtegaji hana ujanja, lazima aseme. Anayechukua mji na kunyamaza si fundi wa mafumbo. Amekula mji wa watu bure.

Sanduku la mwenzetu linaziba milango yote miwili. Mama mboga anayelikuta mbele ya kibanda chake alfajiri hakusema "Tega." Na watengenezaji wameapa kutosema lolote.

Mtaniambia wazungu wamefanya na imefaulu. Tuwatazame basi, lakini tuwatazame mpaka mwisho. Mwaka 2005 kampuni ya Mind Candy ya London ilianzisha Perplex City. Kitu cha ajabu mle ndani kilikuwa mchemraba ulioibwa, na wachezaji waliukisia kwa takriban miaka miwili: ni nini, uko wapi, nani ameuchukua? Lakini waliingia wenyewe, kwa kununua kadi zenye mafumbo, na mchemraba ulikuwepo kweli, umezikwa ardhini. Februari 2007 ulichimbuliwa katika msitu mmoja wa Northamptonshire, na aliyeupata akapewa pauni 100,000. Walitega, wakapewa mji, wakaleta jibu. Uzuri wa mchezo haukupungua hata kidogo.

Na ule wa 2001, wenye sheria ya kutokiri? Kikundi kikubwa cha wachezaji wake kilijiita Cloudmakers. Mchezo uliisha Julai. Mnamo Septemba 11 minara ya New York ikaanguka, na hazikupita saa nyingi kabla ya baadhi yao kuanza kusema: tumezoea kutegua mafumbo, tutegue na hili. Wasimamizi wa kikundi ndio waliolazimika kuwatuliza kwamba hiki si kitendawili, watu wamekufa. Sisemi walikuwa wajinga. Walikuwa werevu mno. Ila ukimfundisha mtu kwa miezi kwamba kila kitu ni dalili na hakuna atakayekiri chochote, hatajua ni lini pa kuacha.

Sasa turudi nyumbani. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya upana wa mita mbili u nusu hivi na uzani wa kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Lakini roketi ya nani? Hapo ndipo kazi ya kukisia ilipobaki kwetu. Wapo waliosema India inadaiwa fidia, shirika likakanusha. Huku Eldoret niliwasikia wasomi wakiwacheka watu wa Mukuku, eti washamba, wanakisia bomu. Kwani wewe ukiangushiwa kilo 500 za chuma karibu na boma lako utakisia nini? Maua?

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, watu walipanga foleni KICC, Nairobi, watazame ndani ya mpira wa chuma unaong'aa. Mpira wa Worldcoin ulipiga picha mboni ya jicho, na ukaondoka na sarafu za kidijitali za thamani ya shilingi 7,000 hivi. Watu wakauliza: macho yetu yanapelekwa wapi? Wakachekwa tena. Agosti 2023 serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Wale waliochekwa kwa kukisia walikuwa wameuliza swali lilelile lililofika mahakamani.

Kwa hivyo nakataa kabisa wimbo wa "Wakenya wanapenda uvumi." Watu wanakisia pale mwenye jibu anaponyamaza. Hiyo ni akili, si ugonjwa. Ndiyo maana inaniuma zaidi mwandishi, mtu wa upande wetu, akitamani kuwa yule anayenyamaza.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo niliyoshindwa kuisema mezani.

Mwishoni mwa 2007 nilikuwa na miaka kumi na moja, tukikaa Langas. Asubuhi moja kijikaratasi kilikutwa chini ya mlango wa jirani. Hakikuwa na jina wala sahihi. Kilimwambia ahame. Watu wazima walisimama uani wakakipitisha mkono kwa mkono, wakakisia: huu ni mwandiko wa nani? Ni mzaha? Ni watoto? Mbona hakusema tarehe? Simu nazo zikaanza kulia, ujumbe wa namba zisizojulikana. Sisi watoto tulikisia pia, na Mungu anisamehe, tulifurahia. Ilikuwa kama hadithi. Jirani alikisia kwamba ni mzaha. Siku chache baadaye nyumba yake ilikuwa majivu na yeye na wanawe walikuwa uwanja wa maonyesho, chini ya turubai.

Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 1,100. Tume ya Waki iliandika kuhusu vijikaratasi na ujumbe wa simu wa siku zile. Na si bahati kwamba mwezi huohuo Wakenya walipotengeneza ramani ya kukusanya taarifa za yanayotokea, waliiita Ushahidi. Baada ya wiki za kukisia, hilo ndilo neno watu walilolitamani.

Sanduku, vijikaratasi, ujumbe usio na jina: mwenzetu alizaliwa baadaye, hakujua anachora nini. Simlaumu. Ila sasa nimemwambia, na uchaguzi wa 2027 unakaribia.

Atauliza, na aliuliza: kwani sanaa iombe ruhusa? Hapana. Sanaa imtukane mkubwa, imchokoze mchungaji, iwanyime watu usingizi. Lakini mwandishi hutia jina lake kwenye jalada. Anayenitisha ananipa pia mtu wa kumjibu. Asiyeweka jina, akataka woga wangu uwe burudani yake, sioni anatofautiana vipi na aliyesukuma karatasi chini ya ule mlango, isipokuwa kwa nia, na nia haisomeki kwenye karatasi.

"Ukisema ni mchezo, umeua siri," akaniambia. Si kweli. Tulipokaa mbele ya bibi tulijua fika kwamba jibu lipo na litakuja, na bado tulikesha.

Tengenezeni sanduku. Lipakeni rangi, liwekeni mchana kweupe. Liandikeni huu ni mchezo, majina yetu sita, na tarehe ya kulifungua. Ndani wekeni kitu kinachostahili mji mzima. Jumamosi tunakutana tena mezani palepale. Rangi nitanunua mimi, na jina langu liwe la kwanza.