Jumba la Sinema Lilikuwa Baraza la Mji

Wapo wasemao kwamba sinema, tangu ilipoingia pwani yetu, haikuleta ila upotofu wa vijana na upotevu wa wakati. Na kauli hiyo, kwa kuwa imekaririwa mno na watu wenye heshima zao, imekwisha kupokewa kama hukumu isiyokatiwa rufaa. Mimi naona imepitishwa bila ya kusikilizwa mashahidi, na shahidi wa kwanza ni mji wa Unguja wenyewe.

Jumba la sinema la Royal lilijengwa mtaani Vuga mwaka 1921, kwa ramani ya J. H. Sinclair, mtumishi wa serikali ya Kiingereza. Baadaye likaitwa Majestic, likateketea kwa moto, na mwaka 1955 likasimama tena kwa sura mpya. Sultana, iliyokuja kuitwa Cine Afrique, ilikuwa imekwisha kufunguliwa mwaka 1951; ukijumlisha na Empire, mji ule mdogo wa pwani ulikuwa na majumba matatu, nayo siku ya Jumapili yakijaa watu wa kila kabila na kila daraja, mchukuzi kwenye viti vya rahisi mbele na tajiri juu kwenye roshani. Aidha, yalitengwa maonyesho ya wanawake peke yao, wakaenda na mabuibui yao na staha yao.

Na walitazama nini? Aghalabu walitazama hekaya za Bara Hindi. Katika Awaara, ya mwaka 1951, Raj Kapoor ni mwana wa hakimu aliyemfukuza mkewe kwa shaka tupu, hakimu anayeamini kuwa mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Nayo filamu nzima ni swali la kama tabia ya mtu hutokana na nasaba yake au malezi yake. Katika Mother India, ya mwaka 1957, Nargis ni mama aliyelea wanawe katika ufukara na deni la mkopeshaji dhalimu, na ambaye mwishowe anamuua mwanawe wa kumzaa kwa kuwa amemteka msichana wa kijiji na kuvunja murua. Je, mji wetu, uliopima watu kwa nasaba na kuthamini heshima ya mwanamke kuliko mali, ungewezaje kutoka mbele ya maswali kama hayo bila ya kujadiliana? Wengi hawakujua Kihindi. Lakini waliifahamu dhuluma walipoiona, na mabarazani walihukumu nani alikosa na nani alionewa. Fauka ya hayo, mahadhi ya filamu hizo yaliingia katika taarabu yetu, yakavikwa mashairi ya Kiswahili.

Sikatai kuwa zilikuwapo pia filamu za ovyo. Lakini wakoloni ndio walioweka wakaguzi wa kukata vipande vya filamu wakidhani Mwafrika hana akili ya kupambanua mema na maovu, na si insafu sisi tuirithi dharau hiyo na kuwatupia wazee wetu. Hadhira ile haikuwa ya wajinga wa kupotoshwa. Ilikuwa ya waamuzi.

Leo filamu ni nyingi kuliko zamani, ila kila mtu huitazama peke yake kwenye simu yake, akaifunga, na mazungumzo yakafia hapo. Cine Afrique haionyeshi tena, na Majestic imekaa miaka mingi ikichakaa. Tamasha la filamu la kila mwaka pale Ngome Kongwe ladhihirisha kuwa watu bado hukusanyika wakipewa mahali pa kukusanyika. Bali tamasha ni siku chache, na mji huishi mwaka mzima. Basi nawasihi wenye mamlaka na wenye uwezo walitengeneze jumba la Vuga liwe mali ya umma, lionyeshe filamu za zamani na za vijana wetu wenyewe, kwa bei ya mnyonge. Na wazee walioshuhudia zama zile waandikwe kumbukumbu zao wangali hai. Mji usio na mahali pa kutazama pamoja na kubishana pamoja umepungukiwa, hata uwe na utajiri gani.