Mwalimu wa Historia Naye Anahitaji Kufundishwa

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nawe juu ya mtu ambaye sisi wazazi huwa wepesi kumlaumu matokeo ya mitihani yanapobandikwa, yaani mwalimu wa Historia. Akina mama wa hapa Ngonga, kama wenzetu wa kata nyingine za Kyela, huuliza, "Mbona watoto wamefeli?" Ni mara chache tunauliza, "Je, mwalimu huyu naye anajifunzia wapi?"

Hebu tuitazame kazi yake. Darasa limejaa na vitabu havitoshi. Yeye mwenyewe alisoma Historia ya sekondari kwa Kiingereza. Sasa mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ambao ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo hufundishwa kwa Kiswahili. Basi hata mwalimu wa miaka mingi ana mapya ya kujifunza. Asiposaidiwa, atafanya lililo rahisi: anaandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia.

Tumezoea kufikiri kwamba mafunzo ya walimu ni semina ya mjini. Wanakwenda wachache, wengine wanabaki walivyo. Lakini siku hizi upo mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu hukutana shuleni mwao katika Jumuiya ya Ujifunzaji. Huchagua mada inayowasumbua, huandaa kipindi pamoja, mmoja hufundisha na wenzake humtazama, kisha husahihishana kwa upole. Taasisi ya Elimu Tanzania huwaandalia moduli za kujifunzia.

Hata nchi tajiri zimeliona tatizo hili. Mwaka 2001 serikali ya Marekani, kwa juhudi za Seneta Robert Byrd, ilianza kutoa fedha ili walimu wa historia ya nchi hiyo wajifunze pamoja na wanahistoria wa vyuo na wa makumbusho. Baada ya miaka kama kumi fedha zilikatwa. Mafunzo yanayotegemea fedha tu hukoma fedha zinapokwisha. Walimu wanaokutana wenyewe shuleni wanaweza kuendelea.

Je, sisi akina mama tufanye nini?

Kwanza, katika mkutano wa wazazi tuulize kama walimu wanapata nafasi ya kukutana. Tuulize kwa heshima, si kwa kumshitaki mtu.

Pili, mwalimu akibaki shuleni jioni kujifunza na wenzake, tusiseme anapoteza muda.

Tatu, tutoe historia tuliyo nayo. Kabla ya Uhuru, wanaume wengi wa Unyakyusa walikwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini, na wengine dhahabu ya Chunya. Nani alilima mpunga? Nani alilea watoto? Bibi zetu wanajua. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga, Mlozi alifanya biashara ya watumwa hadi aliposhindwa na kunyongwa mwaka 1895. Mama mmishonari wa Moraviani, Elise Kootz-Kretschmer, aliyekaa Utengule, aliwasikiliza wanawake waliopitia nyakati zile, akiwemo bibi Narwimba, akaandika habari zao. Leo wanahistoria huzisoma. Kama asingeuliza, zingezikwa pamoja na wenyewe.

Kwa hiyo mwalimu akimwomba bibi aje darasani, tusimzuie kwa kusema, "Huyu mzee hakusoma." Walimu na waandae maswali pamoja, wanafunzi waulize, kisha walinganishe majibu na kitabu. Bibi naye anaweza kusahau au kuchanganya miaka, na kitabu nacho kinaweza kumsahau bibi. Mtoto akijua kupima mambo hayo mawili, amejifunza historia kweli.

Wapendwa, wazee wanapungua kila mwaka. Msimngoje mgeni kutoka mjini. Mwezi huu mwulizeni mwalimu wa mtoto wenu anahitaji nini.