Nani Aliwaambia Roketi Lazima Ifanane na Penseli?

Sawa wasee, leo sina vichekesho. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu mashindano ya roketi za modeli muhula uliopita, na nikinyamaza nitapasuka.

Rafiki yangu alichora roketi ya ajabu. Ndege mbili za kivita aina ya F-5, zile za Jeshi letu la Anga zinazotupasua masikio siku za sikukuu, zimeunganishwa ubavu kwa ubavu na bawa moja la katikati. Injini moja tu, imekaa hapo katikati. Manila, gundi, mbao nyepesi. Kali sana.

Jaji akaiangalia kama sekunde kumi. "Roketi ni roketi, ndege ni ndege. Leteni paipu yenye mapezi matatu ama mkae nje."

Hakuuliza swali hata moja. Na maswali yalikuwepo! Kwa nini injini moja, si mbili? Kwa sababu moja ikichelewa kuwaka, nyingine inasukuma upande mmoja, na roketi inageuka kukutafuta wewe uliyeiwasha. Rafiki yangu alijua hilo. Je, itaenda wima? Hapo ndipo umbo la ndege lina ubishi. Roketi hutulia hewani kama mahali inaposawazika ukiilaza juu ya kidole pako mbele ya mahali nguvu ya hewa imejikusanya. Paipu yenye mapezi nyuma inakupa hiyo karibu bure. Ndege ya kivita ina mabawa katikati, yanavuta nguvu ya hewa mbele, na ukiunganisha mbili umeongeza bawa lingine.

Kwa hivyo tuliweka uzito kama wa injini, tukaifunga kamba pale inaposawazika, tukaizungusha juu ya vichwa vyetu nje ya ploti. Mara ya kwanza ilienda mkia mbele. Manze, nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alijaza plastisini kwa pua zote mbili, akaongeza mapezi ya nyuma kwa plastiki angavu ya chupa ya soda ndio umbo lisiharibike. Tukazungusha tena. Pua mbele. Tena, pua mbele.

Sasa niambie nani alisoma fizikia hapo: yeye, ama wale waliopewa paipu na kipimo cha mapezi wakakata tu?

Kuna mmoja akaniandikia ati vitu vya kuunganisha haviruki. Buda, Wamarekani walijenga Twin Mustang, miili miwili kama ya P-51 kwa bawa moja. Mwanzoni ilikataa kupaa, kwa sababu propela zilikuwa zinazunguka kwa njia iliyoharibu hewa ya bawa la katikati. Hawakuitupa. Walibadilishana injini, ya kushoto ikaenda kulia. Februari 1947 moja yao ikatoka Honolulu hadi New York bila kutua, zaidi ya kilomita 8,000. Na lile dude la Stratolaunch lililoruka 2019, miili miwili, mabawa mita 117? Lilitengenezwa libebe roketi hapo hapo katikati. Halafu mtoto wa Nairobi akichora kitu cha ukoo huo anaambiwa alete paipu.

Nakubali kitu moja. Kuna watu wanaunda maumbo ya ajabu ndio wapate laiki, hawajapima chochote, halafu wanataka kuwasha mbele ya watoto. Na wengine wanachanganya baruti jikoni. Hao wafukuzwe, hata mimi nitashika geti. Jaji ana haki ya kuogopa roketi asiyoijua. Lakini basi aipime! Kamba haigharimu kitu.

Tuliunda ile paipu usiku mmoja. Iliruka, parachuti ikafunguka, tukapewa vyeti. Rafiki yangu hakuja kuchukua chake. Siku hizi Jumamosi haji klabu, na nikimuuliza anasema ana kazi nyumbani. Hana kazi yoyote, namjua.

Zile ndege mbili ziko juu ya kabati yangu, hazijawahi kuona injini. Mashindano yanarudi muhula huu. Jaji, kama unasoma hii, nitakuja nazo pamoja na kamba. Zungusha mwenyewe kabla useme hapana.