Baridi si Barafu

Umezuka mtindo miongoni mwa watarjumi wetu wa vitabu vya tiba za kale: kila neno la waganga wa zamani hubanduliwa, na mahali pake likabandikwa neno la hospitali. Dawa iliyoandikwa kuwa ni "ya baridi" hugeuzwa ikawa inashusha homa. "Ya moto" ikawa inapandisha joto la mwili. "Inayofungua" ikawa ni ya kuharisha tu. Watendao haya hujiona wameikomboa lugha kutoka gizani. Mimi nasema wameiibia.

Tuanze na hiyo baridi. Katika mfumo walioasisi Wayunani, akaupanua Galen katika karne ya 2, kisha Ibn Sina (980–1037) akaupanga upya katika Al-Qanun, kila mmea una tabia zake: moto au baridi, unyevu au ukavu, na kila tabia ina daraja nne. (Ndiyo, tabia, neno hili tunalomkaripia nalo mtoto mtukutu lilikuwa neno la matabibu.) Pilipili manga na karafuu ni moto na kavu. Tango ni baridi na nyevu. Afyuni ni baridi ya daraja ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho. Je, afyuni ni dawa ya homa? Baridi yake ni ile ya kiungo kufa ganzi, ya usingizi unaoweza kuvuka mpaka ukawa mauti. Aliyeandika "daraja ya nne" alikuwa anapiga ukelele wa hatari. Mtarjumi aandikaye "hushusha homa" ameuziba mdomo ukelele ule, na atakayelipa ni msomaji aliyempakata mtoto wake usiku, mwili unamchemka.

Ajabu ni kwamba maneno haya hatuna haja ya kuyatafuta mbali. Baridi yabisi twaitaja kila msimu wa mvua, na wengi hudhani yabisi ni kule kukakamaa kwa magoti. Yabisi ni kavu. Baridi na kavu ni ile jozi iliyonasibishwa na sauda, nyongo nyeusi, na bibi anayeyasugua magoti hayo kwa mafuta ya karafuu anatibu baridi kwa moto, kinyume kwa kinyume, kama alivyoagiza Galen ambaye hajapata kumsikia. Safura nayo ilikuwa nyongo ya manjano. Leo, kwenye kamusi na kwenye zahanati, ni ugonjwa wa minyoo na upungufu wa damu. Sina ugomvi na maana hiyo, maana neno lina haki ya kusafiri. Lakini mtu akitarjumu kitabu cha karne ya 11 na kutuambia kwamba mwenye hasira za upesi amezidiwa na safura, pasipo kauli moja ya maelezo, msomaji afahamu nini? Kwamba hasira ni minyoo?

Nitajibiwa kuwa elimu hiyo imekufa. Naam, imekufa, sayansi ya karne ya 19 iliizika, wala mimi siendi kuifukua. Sanamaki huharisha kwa sababu ya kemikali zinazouchochea utumbo mpana, si kwa sababu inaivuta nyongo. Lakini kulieleza neno si kuliamini. Na tazameni nani amekikalia kiti kilichoachwa wazi: muuza chupa sokoni, ambaye dawa yake "inatoa sumu mwilini". Sumu gani? Kutoka kiungo gani? Galen alikosea, ila angalau angekutajia jina la kile anachokitoa.

Mwaka 1649, Nicholas Culpeper, muuza miti-dawa wa London asiye na shahada ya utabibu, aliutia katika Kiingereza mwongozo wa dawa uliokuwa umefungiwa katika Kilatini na chuo cha matabibu wa mji ule. Wakubwa wa chuo hawakumsamehe. Lakini hakuishia kugeuza maneno. Baadaye aliwafafanulia wasomaji wake nini maana ya dawa ya kulainisha, ya kufungua, ya kuvuta. Hiyo ndiyo kazi ya mtarjumi, nayo kwetu ni nyepesi kuliko ilivyokuwa kwake. Waarabu walisema mundij, dawa inayoivisha uchafu wa ugonjwa ili utoke. Sisi twasema jipu limeiva. Walisema kasir al-riyah, kivunja upepo. Kwa dawa hiyo hiyo Walatini walitumia kitenzi cha kuchana sufu, kana kwamba upepo wa tumboni ni nyuzi zilizosokotana zinazotaka kutenganishwa moja moja. Watu wa visiwa vya karafuu tunacho kitenzi chetu cha kazi hiyo: kuchambua. Tangawizi huchambua upepo wa tumbo. Andikeni hivyo, kisha chini ya ukurasa semeni hospitali huitaje.