Solaris haichoshi, ninyi mna haraka

Kila nikiwatajia waandishi wenzangu wa programu sinema ya Solaris, jibu ni lile lile: inasinzisha! Ati dakika 166, hakuna vita, hakuna milipuko. Jamani, nani aliwaambia sayansi ni baruti?

Andrei Tarkovsky aliitoa mwaka 1972 huko Muungano wa Sovieti, akitumia riwaya ya Stanisław Lem. Mwanasaikolojia Kris Kelvin anatumwa kwenye kituo kilicho juu ya bahari ya sayari Solaris. Akilala, bahari hiyo inapekua kumbukumbu zake na kumletea mkewe Hari, aliyejiua miaka mingi nyuma.

Kelvin anafanyaje? Lile tunalofanya sisi tukiona hitilafu: anafuta. Anamfungia Hari ndani ya roketi na kumrusha angani. Analala tena, na Hari mwingine huyo hapo chumbani. Hitilafu haikuwa kituoni. Ilikuwa moyoni mwa Kelvin.

Lem mwenyewe hakuipenda sinema hii. Alilalamika kuwa Tarkovsky ameacha fumbo la sayari akashika majuto ya mtu. Mimi niko na Tarkovsky. Leo kuna programu zinazoiga sauti na maneno ya marehemu, na sisi tunabishana juu ya kasi yake tu! Hari ni nakala, lakini analia, anapenda, anataka kujua yeye ni nani. Je, aliyemsababisha awepo hana deni kwake?

Kama swali hilo linakusinzisha, ndugu yangu, usiunde kitu kinachozungumza.